Kijana wa Namba Zote wa Birkat al Mauz

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu baada ya alasiri kuniuliza, "Ami Saidi, mchezaji mzuri ulikuwa ukimjuaje?", jibu langu huwa hamlipendi. Mnataka nikwambieni habari za mashuti na chenga. Mie nakwambieni usitazame mpira. Mpira una watazamaji wake tele, hauna haja na wewe. Mkamate mtu mmoja kwa macho, tangu anaposhuka kwenye gari mpaka anapovua viatu, na usimwachie hata goli likifungwa na uwanja mzima ukasimama. Mtazame anafanya nini wakati mpira uko mbali naye. Hapo ndipo mtu hujisahau, akajionesha alivyo.

Haya sikuyazua mie. Nilifundishwa na marehemu Bwana Khalfan, Mungu amrehemu, aliyekuwa senta hafu kule Unguja wakati mie bado nacheza gololi. Tulipokutana tena huku Arabuni, mjini Ibra, yeye ndiye aliyekuwa akiitafutia klabu yetu wachezaji, na mie nikawa dereva wake. Alikuwa na ulimi mkali kama ukwaju mbichi. Siku ya kwanza nilikwenda kukaa jukwaani pamoja na wakubwa, akanivuta kwa mkono wa kanzu mpaka nyuma ya goli. "Kule watakupa soda," akaniambia, "na mtu aliyepewa soda humwona kila mchezaji ni mzuri." Mpaka leo nikikwenda mpirani nasimama nyuma ya goli, ijapokuwa magoti yananisuta.

Na msidhani nilizaliwa na jicho hili. Safari moja nilikwenda Sur, nikamwona kijana anacheza pwani kwenye mchanga. Wallahi chenga zile sijui nizielezeje, watu anawapita wanabaki wamekaa chini. Nikamleta Ibra siku ile ile, nimefurahi kama niliyepata mchumba. Tukamtia kwenye uwanja wetu wa wakati ule, ardhi ngumu, changarawe tupu. Mpira ukampita. Akageuka kuufuata, ukampita tena. Kumbe mchanga wa pwani unauzuia mpira na kuwachosha wenziwe, na miguu yake haijui kitu chengine. Bwana Khalfan alizunguka uwanja mzima anacheka, akaniuliza kama safari ijayo nitamletea na samaki. Tangu hapo sikumleta mtu mpaka nimwone kwenye changarawe.

Siku hizi kazi hii imekuwa ya kukaa kitako. Kila kijana ana video yake, na kwenye video zote anafunga. Hajazaliwa bado mtu wa kukuletea video ambayo anapoteza mpira. Sisi miaka ya tisini tulikuwa na Bidbid. Pale ndipo njia ya Nizwa na njia ya Ibra na Sur zinapoachana, na madereva wa teksi wa pande zote wakisimama kunywa chai ya maziwa kwa Mmalabari mmoja, Mhindi mwenye duka dogo. Dereva wa teksi anajua kila kitu, nani kaoa, nani kanunua gari jipya, nani kafunga magoli Alkhamisi. Mie nikinunua chai, nikikaa, nikinyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na wengi wenu mtashindwa hapo.

Basi pale kwa Mmalabari dereva mmoja akaniambia kuwa chuo cha ualimu cha Nizwa wana fulbeki wa kushoto hapitwi na mtu. Wiki ya pili akaja mwengine akaapa kuwa chuo kile wana namba kumi, pasi zake utadhani anazipeleka kwa mkono. Akatokea wa tatu, mtu wa Manah, akasema wenziwe hawajui kitu, mchezaji wa chuo kile ni golkipa. Nikatia petroli nikenda Nizwa kuwatafuta watu watatu. Nikamkuta mmoja.

Alikuwa akiitwa Badar. Kijana mwembamba, mrefu wa kiasi, kandambili miguuni na vitabu chini ya kwapa, mwaka wake wa mwisho chuoni. Kwao ni Birkat al Mauz, kijiji cha migomba na mitende chini ya mlima wa Jabal Akhdhar. Ukimkuta njiani hungemwuliza hata kama anacheza mpira.

Siku hiyo chuo kilicheza na timu ya askari, kwenye changarawe kama yetu. Badar alianza beki wa kushoto. Winga wa askari alikuwa na mbio za kutisha, lakini Badar hakuwa akimfukuza. Alikuwa akenda pale winga atakapotaka kwenda, akamngoja. Askari wa watu akifika, anamkuta mtu keshasimama. Kipindi cha pili senta hafu wao akakamatwa na msuli, mwalimu wao akapiga mluzi, na Badar akahamia katikati bila ya kuuliza kitu. Nikamwona anamshika mwenziwe begani, anamsogeza kidogo, anaondoka zake. Mpira ukaja ukaanguka pale pale alipomsogeza. Nikasema hii bahati. Ikatokea tena. Nikasahau kuwa nina kiu.

Mwisho golkipa wao akaumia kidole. Badar akavaa glavu. Akadaka shuti la karibu, na badala ya kuulalia mpira apoteze wakati kama wafanyavyo wote, akainuka akaurusha mbali, kwa mtu ambaye hata hajageuka. Alipogeuka, mpira uko miguuni kwake. Goli.

Sikilizeni wanangu. Nimeona watu wenye mbio, nimeona wenye mashuti, nimeona wenye mguu wa kushoto unaosema. Sikupata kumwona mtu anayeuona uwanja wote kwa pamoja, kama wewe unavyoiona sinia ya wali ikiwekwa mbele yako. Macho yakanilowa, na mie si mtu wa kulia mpirani, hata siku tuliyoshuka daraja sikulia. Mechi ilipokwisha nikamfuata, nikamwuliza, "Wewe hasa unacheza namba gani?"

Akaniangalia kama niliyemwuliza jambo la ajabu. "Leo, ami?"

Sasa hapa ndipo yalipoanza maneno. Klabu yetu msimu ule ilikuwa na nafasi moja tu ya kusajili, na kwa Badar ilikuwa ndiyo nafasi ya mwisho. Akimaliza chuo, wizara itampeleka kusomesha popote penye haja ya mwalimu, pengine jangwani huko, na mpira wake ndio umekwisha. Akisajiliwa nasi, mwenyekiti wetu Sheikh Hamed alikuwa tayari kwenda kumwombea skuli ya Ibra. Ama sisi, ama basi. Na nafasi ile alikuwapo mwengine anayeitaka, namba tisa wa Sur, kifua kipana, kichwa kama nyundo, jina lake linajulikana mpaka sokoni.

Tukakaa kwenye majlisi ya klabu, chumba chetu cha mazungumzo, baada ya sala ya Ijumaa, sahani ya halua katikati. Alikuwapo Sheikh Hamed, alikuwapo kocha wetu, Mmisri mmoja mpole mwenye sauti nzito, na alikuwapo Bwana Khalfan kajiegemeza kwenye mto kwa ajili ya mgongo wake, maana kazi ya kuzunguka keshaniachia mie. Nikawahadithia niliyoyaona. Nikamaliza.

"Namba gani?" akauliza Bwana Khalfan.

"Zote."

"Nimekuuliza namba, sikukuuliza hesabu. Mie nilikufundisha kuleta mchezaji. Wewe unaniletea mtumba wa wachezaji."

"Yakhe, ungemwona ungelia."

"Mie nilie kwa ajili ya kijana mwenye miguu kama vijiti vya mshikaki? Mabeki wa Sur wakimgonga mara moja tutamrejesha kwao kwenye mkoba."

Kocha akacheka kidogo, lakini yeye maneno yake yalikuwa mazito zaidi. Mchezaji wa namna ile, alisema, ndiye yule anayeitwa kiraka, wa kuzibia pale palipotoboka. Kila timu inampenda, na hapana timu inayomjenga. "Mimi kocha, nikiwa na mtu kama huyo nitamtumia," akasema. "Leo beki, kesho winga, kesho kutwa nimweke benchi angoje mtu aumie. Sitamfunza kitu kimoja akakijua mpaka mwisho, kwa sababu kila siku nitakuwa na haja naye pahala pengine. Miaka itapita, miguu itachoka, na watu watasema alikuwa kijana mwema. Namba tisa nitamjenga. Huyu nitamla. Mkiwa mnampenda, mwacheni akasomeshe."

Mtu akikupinga kwa ujinga unamjibu. Huyu alikuwa akinipinga kwa huruma.

Nikajibu kwa lile nililolijua. Nyinyi wa leo mnaona wachezaji wanalipwa, kazi yao mpira. Wakati ule kila mmoja alikuwa na kazi yake. Beki wetu wa kulia alikuwa polisi, na zamu haimwulizi kama kuna mechi. Namba sita alikuwa kwenye visima vya mafuta huko ndani, wiki mbili yuko, wiki mbili hayuko. Golkipa alikuwa na harusi za ndugu zake zisizokwisha, mpaka tukawa tunamwuliza babake kaoa wake wangapi. Siku ya mechi ilikuwa hatujui nani atashuka kwenye gari. "Namba tisa atatufungia magoli," nikasema, "akipata mtu wa kumpa mpira. Huyu Badar, pengo lolote litakalotokea, hamtaliona."

"Ndiyo ninavyosema," akasema kocha. "Hamtaliona pengo, na yeye pia hamtamwona."

Wakabishana mpaka halua ikakauka juu. Mwisho Sheikh Hamed akasema, "Mtoto wa watu hachukuliwi uwanjani kama mpira uliopotea. Twendeni kwa babake. Kocha, na wewe utakuja, na neno lako litakuwa la mwisho." Nikajua mambo yameniharibikia, kwa sababu neno la kocha sote tulishalisikia.

Tukenda watu watatu, mie nikiendesha, Sheikh Hamed mbele, kocha nyuma. Tangu Ibra mpaka Bidbid, na tangu Bidbid mpaka tukaiona migomba, kocha alikuwa akinieleza kwa upole kwa nini nimekosea. Mzee Humud, babake Badar, akatupokea mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu za maji pale kijijini. Maana maji yao yanatoka kwenye falaji, mfereji mmoja unaoteremka kutoka mlimani na kugawiwa mabustani yote, na kila ukoo una saa zake. Ikipita saa yako, imepita.

Tukakaribishwa chini. Zikaja tende, kisha dele la kahawa. Mie nimeendesha njia nzima na jua lile, koo limenikauka. Nikapewa finjani, nikanywa. Nikaongezwa, nikanywa. Nikaitikisa finjani kuonesha imetosha, nikairejesha. Nilipoinua macho nikamwona Sheikh Hamed, finjani yake kaiweka chini mbele yake, imejaa, haijaguswa. Kocha, aliyekuwa akimwiga mwenyekiti kila kitu kwa kuogopa kukosea, naye kaiweka ya kwake.

Hapo nikajua nimeharibu. Kwa watu wa huku, mgeni mwenye haja hagusi kahawa mpaka mwenye nyumba amwahidi haja yake. Ukinywa, umesema huna unalolitaka. Na mie nilikuwa naijua dasturi hiyo, kwa mambo ya posa na kesi za damu. Haikunipitia akilini kuwa na mpira nao umo. Sisi tuliolelewa Unguja, kahawa ukipewa ni ya kunywa, tena unatazama huku na huku kama kuna kashata.

Mzee Humud alizitazama finjani mbili, kisha akanitazama mie. "Sheikh Hamed, naona una haja."

"Ninayo, sheikh."

"Na mgeni wako wa Misri ana haja." Kocha akainamisha kichwa. "Lakini huyu Mzinjibari wenu keshakunywa, na katikisa. Huyu hataki kitu kwangu."

Sheikh Hamed alinitupia jicho ambalo hata sasa nikilikumbuka najirekebisha kofia. Nikafungua mdomo nitake radhi, Mzee Humud akaninyooshea mkono ninyamaze. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeokota kitu njiani na anakigeuzageuza.

"Basi mimi nitamwuliza huyu," akasema. "Nyinyi wawili mnataka mwanangu, mtanipambia maneno. Huyu hataki kitu. Ewe ndugu, niambie, mwanangu mkimchukua mtamfanya nini?"

Mnaona mambo hayo? Nimetoka Ibra kwenda kumwombea kijana, na kwa kiu yangu nimejikatia ulimi wa kuomba. Nikamwangalia kocha, kocha akaangalia mkeka. Ningeweza kupamba. Maneno ninayo, nyinyi mnanijua. Lakini mtu kanipa kahawa yake, na kaniuliza kama mtu asiye na haja.

Nikamwambia, "Watamtumia kuziba mapengo. Akiumwa huyu, atacheza pahala pake. Akioa yule, atacheza pahala pake. Pengine asipate namba yake mwenyewe hata siku moja. Na timu ya taifa huenda isimwite, maana na wao watauliza anacheza namba gani. Hiyo ni kweli, na kocha huyu hapa anaijua kuliko mie. Na kweli nyengine ni hii. Mie natazama mpira tangu nina meno ya utoto, na mtu kama mwanao sijamwona, si Unguja wala hapa. Nilipomwona akicheza niliingiwa na hofu, kama mtu anayesikia kitu kinamwita na hajui kinatoka wapi."

Kahawa kwenye finjani zile mbili ilishaacha kutoa moshi.

"Angalau hukumzungusha mwanangu kama mbuzi wa kunadiwa soko la Ijumaa," akasema mwisho, na akainuka. "Saa ya maji yetu imefika. Yeye yuko bustanini. Njooni mkamwone."

Tukamfuata kwenye vijia vyembamba kati ya migomba. Badar alikuwa kafunga wizari, shuka ya kiunoni, peku, matope mpaka magotini. Bustani lao lilikuwa la ngazi ngazi, vipande vidogo vidogo, kila kimoja na mdomo wake wa kuingizia maji, umezibwa kwa jiwe na kitambaa. Maji yakafunguliwa juu.

Nataka nikwambieni nilichokiona, na najua sitoweza. Yule kijana alikimbia juu ya kuta za udongo zisizotosha upana wa mguu, na maji nyuma yake. Anafungua hapa, anaziba pale kwa kisigino bila ya kuinama, keshafika chini anafungua kwengine, na maji hayajafika. Hakuwa akiyatazama maji. Kipande hiki kina mchanga, kinakunywa upesi. Kile kina udongo mzito, kinataka kungojewa. Kile cha pembeni kimeinama, ukichelewa kinamwagikia kwa jirani. Yote anayo kichwani kwa wakati mmoja, na popote maji yalipokenda, yalimkuta keshasimama. Nikaelewa nilichokiona Nizwa kimetoka wapi. Hapana kocha aliyemfunza. Tangu utoto wake alikuwa akicheza na kitu ambacho ukikifukuza umeshachelewa.

Nikamgeukia kocha. Alikuwa kasimama katikati ya mfereji, maji yanamwingia viatuni, viatu vyeusi vizuri vya ngozi, na hana habari. Mdomo u wazi. Alikuwa akitazama kwa namna ile watu wanavyotazama mwezi wa Idi, wakiogopa kupepesa macho.

Badar alipofika karibu, kocha akamwita. "Kijana. Ungepewa kuchagua, wewe mwenyewe, ungetaka namba gani?"

Badar akajifuta jasho kwa mkono, matope yakabaki usoni. Akafikiri kidogo.

"Ipi iko wazi, kabtin?"

Hakusema kwa kujishusha, wala kwa kujifaharisha. Aliuliza tu, apate kujua. Kisha akakumbuka kipande cha pembeni, akatutaka radhi, akakimbia.

Tukarudi ndani tukakaa. Finjani zao zilikuwa pale pale. Mzee Humud akamwambia, "Wewe mgeni hukunywa tangu ulipokuja. Haja yako nini?"

"Nilikuja," akasema kocha, "nikitaka unikatalie. Nilidhani namwonea huruma mwanao. Sasa namtaka. Na yote aliyokwambia huyu ni kweli, nitamtumia kila pahala. Lakini sitamwacha benchi. Hilo nakupa ahadi yangu."

"Atamaliza mtihani wake kwanza."

"Atamaliza."

"Na saa yetu ya maji ikiangukia siku ya mechi?"

Kocha akamtazama mwenyekiti. Sheikh Hamed, mtu asiyecheka kwa urahisi, akasema, "Tutaileta timu nzima imwagilie, sheikh, na mechi itangoja."

Mzee Humud akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Akaamrisha finjani zimwagwe, zitiwe kahawa ya moto. "Kunyweni kahawa yenu," akasema. Wakanywa. Dele likazunguka, likafika kwangu, nikanyoosha mkono. Mzee Humud akalipitisha.

"Wewe ushatikisa," akaniambia.

Badar alisajiliwa nasi, na namba tisa wa Sur akenda klabu nyengine akafunga magoli yake, Mungu ambariki. Bwana Khalfan alikuja mechi ya kwanza kwa ajili ya kunicheka. Akakaa nyuma ya goli juu ya kiti, mto mgongoni. Kufika mapumziko hajasema kitu, nikaogopa labda mgongo unamwuma. Nikamwinamia. "Nyamaza," akaniambia, "natazama."

Kocha alitimiza ahadi yake. Misimu yote aliyokuwa nasi hakumweka Badar benchi hata mara moja, na makocha waliokuja baada yake walianza kwa kucheka na wakamaliza kama yeye, hawamwachi nje. Na yale niliyomwambia babake nayo yalitimia. Timu ya taifa haikumwita. Walikuja watu kumtazama, wakauliza namba, wakaondoka. Liliniuma mie kuliko lilivyomwuma yeye. Asubuhi alikuwa akisomesha hesabu skuli ya Ibra, jioni akija uwanjani, akiuliza nani hayupo leo.

Alipoacha kucheza, klabu ilitaka kuitundika jezi yake ukutani kwenye majlisi, kama tulivyofanya kwa wakubwa waliomtangulia. Nyinyi mmezoea mtu na namba yake mgongoni, mwaka mzima haibadiliki. Wakati ule jezi ilikwenda na pahala unapocheza siku hiyo. Tukakaa Ijumaa baada ya sala kubishana itundikwe ipi. Mmoja akasema mbili, mwengine akasema kumi, mwengine akakumbuka siku aliyokaa golini akasema moja au basi. Watu wakainuka kutoka kwenye mito yao. Sheikh Hamed, keshakuwa mzee sana, akawaacha mpaka wakachoka, kisha akasema zitundikwe zote.

Ndizo hizo mnazoziona, toka dirishani mpaka mlangoni. Na nimesikia mnanung'unika kuwa ukuta umejaa, hamtapata pa kuwekewa zenu. Chezeni kwanza, wanangu. Akitokea kati yenu mtu wa namna ile, ukuta wa kumtosha nitaujenga mie kwa mikono yangu.